Maua ya Chini ya Mchirizi

Bonde la Kilombero lina adabu yake kuhusu ardhi: kipande kisicholimwa mpunga kinadaiwa maelezo. Acha robo eka bila kuigusa msimu mmoja tu, ndugu watakuja kuuliza kama unaumwa. Abiria wa treni ya TAZARA anayepita mwezi wa nne huona kijani kimoja kikishuka kutoka chini ya milima ya Udzungwa hadi kwenye maji ya mto, na kijani hicho karibu chote kina bei kwa gunia. Kwa hiyo mpenda maua wa Ifakara hafukuzwi, ila anasogezwa. Anasogezwa kutoka shambani, anasogezwa kutoka kwenye bustani ya mboga, mpaka anajikuta mgongo wake umegusa ukuta wa nyumba. Hapo ndipo nilipojifunzia bustani, na sasa naona kwamba hapakuwa na darasa bora zaidi.

Ukanda ninaousema hauzidi hatua moja kwa upana. Huku kuna tofali za kuchoma, kule kuna mfereji mdogo ambao maji ya bati yameuchimba yenyewe. Mahindi hayakai pale. Mchicha unarukiwa na tope mpaka hauosheki. Bamia inapekuliwa na kuku kabla haijatoa jani la tatu. Fundi akimaliza ujenzi humwaga papo hapo mabaki ya saruji na vipande vya tofali, kisha anapiga chokaa, na mvua ya kwanza inaishusha chokaa ile hadi kwenye udongo. Katika eneo zima la nyumba, hiyo ndiyo ardhi pekee isiyogombaniwa na mtu.

Bibi yangu, Mndamba wa mtoni, hakuwa na ugomvi na uzuri. Uzuri wake ulikuwa uwanja uliofagiliwa. Alfajiri alikuwa ameshamaliza na ufagio wa chelewa, mchanga umebaki na michirizi ya nusu duara, na ole wake mtoto atakayeikanyaga kabla wageni hawajaiona. Jani lolote lililoota pale lilikuwa uchafu. Nilipoleta miche yangu ya kwanza ya maua, aliniangalia nikichimba, akasubiri nimalize, ndipo akasema, "Mjukuu wangu, nyoka hapangi, wala halipi kodi. Ukimjengea, anahamia."

"Shikamoo bibi," nikamjibu, maana sikuwa na jibu jingine.

"Marahaba. Na ua haliliwi."

Lakini nyuma ya jiko lake, ukutani kabisa, kilisimama kichaka cha kivumbasi chenye vishada vya maua madogo meupe yaliyogusa zambarau. Jioni alikata tawi, akalilaza juu ya makaa, na moshi wake ukafukuza mbu wakati tunakula. Nikamwonyesha: lile nalo ni ua, tena la ukutani. Akakataa katakata. Lile lilikuwa dawa. Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ameshanifundisha sehemu kubwa ya somo. Kivumbasi kilikaa mahali kilipokaa kwa sababu palikifaa: maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa hapo, jua la asubuhi lilifika, na harufu yake kali iliwafanya mbuzi wapite mbali. Hakuna aliyekibembeleza.

Somo lililobaki nililipata kwa sista mmoja mzee kutoka Uswisi. Waswisi wana historia ndefu hapa. Wamisionari wao Wakapuchini walianza kuja Tanganyika mwaka 1921, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ni matunda ya kazi hiyo. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mara ya kwanza mwaka 1949, na mwaka 1957 akafungua maabara ndogo ambayo baadaye ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikaa chumba cha kupanga jirani na masista, na huyu mmoja alikuwa akiletewa mbegu kwa posta kutoka kwao.

Mbegu alizozithamini kuliko zote zilikuwa za ua ambalo Ulaya hupandwa chini ya kuta, na ambalo huota lenyewe kwenye nyufa za ngome na magofu ya kale. Kitaalamu linaitwa Erysimum cheiri. Alinionyesha picha: petali nne zilizokaa msalaba, rangi ya njano, chungwa, au kahawia iliyoiva kama kutu. Harufu yake, alisema, inaweza kumsimamisha mtu njiani. Kwa ukoo ni ndugu wa kabichi, figili na sukuma wiki, na ukiiona petali yake karibu na ya figili iliyoachwa ikatoa ua huhitaji kuambiwa. Hupenda udongo usiotuamisha maji, tena wenye chokaa, ndiyo maana nyufa za kuta zilizojengwa kwa chokaa zinalitosha.

Sista aliziotesha kwenye makopo, akazihamishia ukutani, nasi tukasubiri. Zikatoa majani. Zikaongeza majani. Mwezi wa saba ukapita, vuli ikaja, majani yakawa mazuri hata mpishi akauliza kama ziko tayari kwa chungu. Ua halikuonekana. Mmea huu hupandwa katikati ya mwaka wa Ulaya, unapita majira yote ya baridi ukiwa umejikunyata, na ile baridi ya wiki nyingi ndiyo inayoufungulia njia ya kuchanua baridi ikiisha. Ifakara iko kwenye mita 250 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Usiku wetu wa Julai unamfanya mtu ajifunike shuka la pili, basi. Masika ilipofika, mizizi ikaoza.

"Mwalimu," sista aliniambia huku akizing'oa, wala hakuonekana kusikitika, "hili linasubiri kitu ambacho hapa hakiji."

Nimeshaitumia kauli hiyo kwa mambo mengi tangu siku ile, na si ya bustani tu. Nimefundisha watoto waliosubiri kitu ambacho shule haikuwa nacho, tukawaita wavivu. Nimeona vijana wakirudi kutoka Dar es Salaam na biashara iliyonawiri kule, wakaiotesha hapa, ikatoa majani. Kabla ya kuulaumu mche, au mkono uliopanda, uliza unasubiri nini, na kama mahali hapa patakileta.

Kwa ua la ukutani maana yake ni moja: anza na ukuta, mbegu itafuata. Na kuta nne za nyumba moja ni nchi nne tofauti.

Sisi tuko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halitupiti kichwani mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini, unaotazama Mang'ula, unalichukua kiangazi chote, wakati mvua imekata. Ukuta wa kusini, unaotazama mto na Mahenge, unakaa kivulini miezi hiyo hiyo, udongo wake unabaki na unyevu, na mwani wa kijani unapanda kwenye msingi. Ukuta wa mashariki unapata jua la asubuhi, ambalo halichomi mtu. Wa magharibi ndio mtihani. Tofali zake zinapigwa jua kuanzia saa nane mchana, zinalihifadhi, na ukizigusa saa mbili usiku bado zina joto. Mche uliopandwa pale unaungua kutoka pande mbili.

Ukuta huo mkali nimeuachia ua la zambarau la petali tano ambalo kila mtu hapa Ifakara analijua kwa sura, lile linaloota hata kwenye ufa wa ngazi. Wataalamu wanaliita Catharanthus roseus, na kwao ni Madagaska. Linavumilia joto, linavumilia njaa ya udongo, na mbuzi hawaligusi kwa sababu ni chungu na lina sumu. Sumu hiyo hiyo ndiyo iliyolipa jina kubwa. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Kanada na Marekani walikuta kwenye majani yake kemikali zilizozaa dawa za vinblastini na vinkristini, na vinkristini mpaka leo ni nguzo katika kutibu saratani ya damu ya watoto. Hili nalisema kwa tahadhari, maana wapo wanaochemsha majani yake nyumbani kwa ajili ya kisukari na maradhi mengine. Dawa ya hospitali inapimwa kwa miligramu, sufuria haipimi. Panda, tazama, usinywe.

Bogenvila nayo iliwekwa kona ya kaskazini, ambako kiangazi ni kikali. Watu wengi wanalalamika kwamba yao haitoi rangi, kumbe wanaimwagilia kwa huruma. Bogenvila ikishiba maji inajaza majani na miiba. Ikibanwa kiu kidogo, ndipo inapowaka. Na kile tunachokiita ua lake ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kijirija cheupe katikati, chembamba, ambacho wengi hawajawahi kukitazama ingawa wamepita chini yake miaka mingi. Mlete mtoto, mwinamishie tawi, mwambie atafute ua. Ataanza na kubisha.

Upande wa mashariki, karibu na baraza, ni mahali pa ua la jioni, Mirabilis jalapa, lililotoka Amerika zamani sana. Mchana limefumba, mgeni anaweza kudhani linanyauka. Inapofika saa kumi alasiri linaanza kujifungua, na mpaka magharibi harufu yake imefika kwenye mkeka. Shina moja linaweza kubeba ua jekundu, la njano, na lingine lenye rangi zote mbili zilizogawana petali. Mbegu zake ni nyeusi, zimekunjamana, kila moja imekaa peke yake kwenye kikombe cha kijani, na watoto wanazipenda kuchezea duka. Waache wacheze ukiwa unawaona, kwa kuwa mbegu na mizizi yake ni sumu ikiliwa. Chini ya ardhi lina kiazi, na kiazi hicho ndicho siri ya kuishi kwake hapa Kilombero.

Niseme kwa nini. Kalenda ya nyumba za bonde hili haifanani na ya vitabu vya bustani. Mvua zikianza, familia nyingi hufunga nyumba ya mjini na kuhamia shambani kwenye dungu, kuwinga ndege na kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Wanarudi wakishavuna, Juni au Julai, wakati mvua imeshaondoka na ukame ndio unaingia. Kwa hiyo ua la ukutani linaachwa peke yake kwenye gharika, halafu mwenyewe anarudi ili alikute lina kiu. Mto Lumemo ukifurika, maji yanaweza kusimama msingini kwa siku kadhaa. Mmea usio na akiba, iwe kiazi, mbegu nyingi au shina gumu, haumalizi mwaka. Ua la jioni linakufa juu linabaki chini. Lile la Madagaska linakufa kabisa lakini limeshamwaga mbegu. Sijawahi kukuta kitabu cha kigeni kilichoandika bustani ya mtu aliyehamia shambani miezi mitano, lakini mimea hii miwili inaijua bustani hiyo vizuri.

Nikiwa nyumbani kiangazi, maji ya kisima sina ya kumwaga ovyo. Maua yanapata maji ya kuoshea mchele, yaliyopoa, kwenye shina na si kwenye majani, jua likishazama. Maji ya sabuni nayapeleka kwenye bogenvila tu, tena kwa nadra. Juu ya udongo natandaza maganda ya mpunga kutoka kwenye mashine ya kukoboa, ambako yanarundikwa mpaka yanapita kimo cha mlango, na wafyatua tofali huyachukua kuchomea tanuri. Nachukua yale yaliyokaa nje msimu mzima yakawa kijivu, kwa sababu mapya hupeperuka na upepo. Mstari wa mchirizi wenyewe naupanga vipande vya tofali, ili tone lianguke juu ya kitu kigumu lisirushe tope. Kuku wanazuiwa na matete yaliyochomekwa karibu karibu mpaka miche ikomae. Na kati ya ua na ukuta naacha nafasi ya mkono kupita, ili msingi ukauke na ili nione mapema kama mchwa wameanza kupanda.

Ukuta wa kusini, ule wa kivuli, ndio ulionipa furaha niliyoikosa wakati wote nikitamani maua ya kigeni. Misitu ya Udzungwa ina jamii nyingi za Impatiens, maua ya mashina laini yenye maji, ambayo ukigusa tunda lake lililoiva linapasuka mkononi na kurusha mbegu. Moja kati yake, Impatiens walleriana, asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Udzungwa ni Hifadhi ya Taifa tangu 1992 na humo hung'oi kitu. Lakini kitawi nilipewa na mama mmoja wa Mang'ula aliyeliotesha nyuma ya bafu lake, nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji, na baada ya siku chache kikawa na ndevu nyeupe za mizizi. Sasa linachanua kivulini penye maji ya bomba yanayovuja, mahali ambapo hakuna kingine kilichokubali.

Impatiens si ua pekee la kwetu lililosafiri kwenda vyungu vya ugenini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka kwao mmea mdogo wa maua ya zambarau uliokuwa ukiota kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia, na toka hapo umekuwa ua la dirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani. Yaani ua la mwambani la Tanzania linapashwa joto kule kwenye theluji, wakati sista wetu alikuwa akilitafutia baridi ua lake la ngomeni hapa Ifakara. Ndani ya nyumba yenye hita, ua la Usambara linachanua. Nje ya nyumba Ifakara, ua la ngomeni haliwezi. Tofauti yao haiko kwenye mapenzi ya mpandaji.

Kuna swali ambalo Ifakara haiwezi kulikwepa: mbu. Mji huu unajulikana kwa utafiti wa malaria. Hapa ndipo mradi wa vyandarua vya dawa wa miaka ya 1990 ulipoonyesha, katika matokeo yaliyochapishwa 2001 kwenye jarida la Lancet, kwamba uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 uliongezeka kwa asilimia 27. Kwa hiyo bwana afya akipita na kuangalia maua yangu kwa jicho la shaka, simkasirikii. Ana hoja. Mbu dume na jike hunywa utamu wa maua, na jike huongeza damu kwa ajili ya mayai. Utafiti mmoja wa Mali uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kukata matawi yenye maua ya mti ambao Wakenya wanauita mathenge kulipunguza mbu wa kijijini kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, mbu mkubwa wa malaria wa bonde letu kwa sasa, Anopheles funestus, hazaliwi kwenye kichaka cha ukutani. Anazaliwa kwenye madimbwi ya kudumu na kingo za mito yenye majani. Hatari ya bustani iko kwenye kisahani cha chungu, kopo lililosahauliwa na tairi lililogeuzwa kuwa kitalu, ambamo mbu wa dengi hutaga. Kwangu vyungu vinakaa bila kisahani, na vichaka havizidi kimo cha dirisha. Chandarua hakijaacha kazi kwa sababu ya kivumbasi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni saruji. Barabara zimeboreka, daraja la mto Kilombero limefunguliwa tangu 2018, pesa ya mpunga inafika mjini kwa haraka, na nyumba mpya zinasimama kila mtaa. Karibu zote zinamwagiwa zege au kupangwa pevingi mpaka zigusane na ukuta. Ni uwanja wa bibi yangu uliotengenezwa kiwandani, msafi kuliko wake, ila haufyonzi tone. Maji ya bati yanateleza kwenda kwa jirani, ukuta wa magharibi unapata mwenzake wa kuhifadhi joto, na ule ukanda usiogombaniwa na mtu unatoweka kabla mwenye nyumba hajajua kwamba alikuwa nao.

Anayejenga asinielewe vibaya. Weka pevingi, tope la Machi nalijua. Mwambie tu fundi aanzie hatua moja mbali na ukuta, na vifusi avizoe badala ya kuvifukia. Kisha mwaka wa kwanza usipande kitu. Tazama jua linapiga wapi saa nane, maji yanatua wapi, kuku wanalala wapi mchana, na ni majani gani yanayojiotea bila kuitwa. Mwaka wa pili piga hodi kwa jirani ambaye ukuta wake unatazama upande mmoja na wako, umwombe kitawi cha kile ambacho kimeshamkubali.